Jiwe la Ivuna na Watu wa Ivuna

Jioni ya tarehe 16 Desemba, mwaka 1938, kimondo kilianguka Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe. Kilikuwa kitu kidogo. Uzito wake ulikuwa karibu gramu 705, haufiki kilo moja ya ile chumvi ambayo Ivuna imejulikana kwayo tangu kale. Walakini tangu jioni ile kitu hicho kidogo hakikukosa mwandishi wa habari zake. Siku ya kuanguka kwake iliandikwa. Uzito wake ulipimwa. Vipande vyake vilitiwa katika madaftari ya mahali vilipohifadhiwa, na mwaka 2008 jumba kubwa la makumbusho ya viumbe na madini mjini London lilijipatia kipande. Wataalamu waligundua kuwa jiwe hili ni la jamii adimu mno, ambayo mawe yake yaliyoonekana yakianguka duniani yahesabika kwa vidole. Jamii hiyo wakaipa herufi mbili, C na I, na hiyo I ni ya Ivuna. Hata chombo cha Wajapani kilipoleta duniani, Desemba 2020, gramu tano na kitu za udongo wa sayari ndogo iitwayo Ryugu, jibu la wapimaji lilikuwa kwamba udongo ule wafanana na jiwe la Ivuna.

Hivyo jiwe lina wasifu. Sasa na tuulize, watu je?

Nani alikuwa shambani au malishoni jioni ile? Nani alikiona kimondo kikishuka, na alisema nini kwa jirani yake? Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku ile angekuwa leo anakaribia mia. Maana yake ni kwamba mashahidi wa jioni ile wametutoka mmoja mmoja, wa mwisho wao katika miaka hii ya karibuni, na kila aliyezikwa pasipo kuulizwa alizikwa na habari yake. Jiwe limebaki na gramu zake. Mtu amebaki na tuta la udongo, ambalo mvua za misimu miwili mitatu hulisawazisha na ardhi.

Silionei jiwe wivu. Elimu ya mawe ni elimu njema, na aliyepima kimondo alifanya kazi yake. Neno langu ni kwa sisi ambao kazi yetu ni lugha, historia na fasihi. Mpima mawe hakusema kwamba jiwe la kijijini ni dogo mno kwake. Lakini sisi tumesema hivyo juu ya watu, si kwa vinywa vyetu bali kwa matendo yetu. Wanavijiji wanakufa kila wiki, nasi twahesabu vifo vyao kuwa habari za ukoo, zisizohusu maktaba. Nasema kwamba jambo hilo ni kosa, tena ni kosa la wasomi kabla ya kuwa la mtu mwingine yeyote.

Tazama habari ya chumvi. Katika miaka ya 1960 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba Ivuna, na taarifa yao ilitoka mwaka 1968. Walionyesha kwamba chumvi ilikuwa ikifanywa mahali pale yapata miaka mia sita au mia saba iliyopita. Kazi yenyewe yaelezeka kwa maneno machache: udongo wenye chumvi hukwanguliwa, hutiwa katika chujio, maji humwagwa juu yake, na yale yanayodondoka chini huchemshwa mpaka maji yaishe na chumvi ibaki. Vigae vya vyungu vya wachumvi wale vilikusanywa, vikahesabiwa, vikachorwa. Ilikuwa kazi ya maana sana. Lakini kigae hakisemi. Hakiwezi kueleza mfanya chumvi alijuaje kwamba udongo wa hapa ni mzuri na wa pale ni mbaya, alifundishwa na nani, aliuza kwa kipimo gani, na siku moto ulipomzimikia alilaani au alicheka. Anayeweza kusema hayo ni mtu, na mtu husema akiwa hai. Twangoja afe, kisha apite mia ya miaka, kisha ndipo tuje na jembe na brashi kumtafuta.

Lakini mtu atanijibu kwamba wanavijiji huandikwa. Je, hausomwi wasifu wa marehemu katika kila maziko? Naam, husomwa, na hapo ndipo penye ugomvi wangu mkubwa.

Msomaji aliyewahi kusimama kando ya kaburi kijijini atanishuhudia. Kabla ya jeneza kuteremshwa, mtu mmoja husimama na karatasi. Karatasi husema kwamba marehemu alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani, mtoto wa tatu kati ya saba; alibatizwa; alisoma mpaka darasa fulani; aliolewa; alijaliwa watoto kadhaa, wengine wametangulia mbele ya haki. Kisha karatasi huingia katika jambo linaloipendeza kuliko mengine yote, nalo ni ugonjwa. Hapo twaelezwa siku ya kwanza ya homa, zahanati aliyopelekwa, hospitali aliyohamishiwa, vipimo alivyopimwa, chupa za maji alizotundikiwa, na saa na dakika ya kukata roho. Mwisho huja idadi ya wajukuu na vitukuu, na shukrani kwa Mungu aliyetoa na aliyetwaa. Watu huitikia amina, na udongo hutupwa.

Mtu aliyeishi miaka themanini huelezwa kwa siku zake kumi za mwisho, ambazo hakufanya neno lolote ila kulala. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo; nasi twamzika muungwana tukiwa tumetaja kila kitu isipokuwa vitendo vyake. Hapana neno juu ya shamba alilolifyeka. Hapana neno juu ya yatima aliowalea pamoja na wanawe, wala mashauri aliyoyaamua, wala wimbo alioutunga, wala mwaka wa njaa na jinsi alivyouvuka. Karatasi ile yaweza kusomwa juu ya jeneza la jirani, kwa kubadili jina na ugonjwa, na asiwepo mtu wa kutambua kosa. Wasifu unaomfaa kila mtu haumsifu mtu.

Wala siwalaumu wafiwa. Karatasi yao huandikwa usiku wa msiba, kwa taa hafifu, na watu waliochoka kwa kilio, wakifuata mfano waliousikia katika maziko yaliyotangulia. Mfano huo ni mbaya kwa sababu waliosoma hawajawapa mwingine. Siku hizi habari ya msiba hupita katika simu za mkononi: jina, siku ya kuzika, na nambari ya kutumia rambirambi. Zamani redio ya taifa ilitangaza vifo, jina, mahali, na ndugu wanaopaswa kupata habari. Tanzia ndefu ya gazetini, yenye picha, ni ya aliyekuwa na cheo au mwenye watoto wa kulipia. Katika njia zote hizo mkulima hutajwa kufa, hatajwi kuishi.

Na maisha hayo ni yapi? Chukua mtu yeyote aliyezaliwa Ivuna mwaka 1935. Alizaliwa chini ya bendera ya Mwingereza. Mwaka 1961 alikuwa raia wa Tanganyika huru, na mwaka 1964 wa Jamhuri ya Muungano. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wa mashambani nchi nzima walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja, alikuwa mtu mzima mwenye nyumba, na swali la kuacha au kutoacha makaburi ya wazazi wake katika mahame lilikuwa swali lake. Katika mwongo huo huo reli ya kwenda Zambia ilijengwa ikapita Tunduma, na bei ya vitu na njia za vijana zikageuka. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, naye akabadili mkoa bila kubadili kitanda. Mtu huyu akifa leo, karatasi ya kaburini itasema alikuwa mkulima. Hakika alikuwa mkulima. Lakini historia ya nchi hii imepita mlangoni kwake mara nyingi kuliko ilivyopita mlangoni kwa wengi wanaoiandika.

Yapo majibu matatu ambayo nimezoea kupewa nisemapo haya, nami nitayajibu.

La kwanza ni kwamba mtu wa kijijini hana makuu. Hili ni jibu la mtu anayefikiri kuwa makuu ni vyeo. Kulima kwa miaka sitini katika nchi yenye mvua za mashaka, na kuwalisha watu kumi kwa jembe la mkono, ni jambo kuu. Asiyeliona hivyo na ajaribu mwaka mmoja.

La pili ni kwamba marehemu hasemwi. Msemo huu hutajwa kana kwamba umekataza kumwandika maiti. Maana yake ni kwamba asisemwe kwa ubaya mtu asiyeweza kujibu, nami naukubali. Lakini kutomsengenya mtu ni jambo moja, na kumsahau ni jingine. Tena wasifu wa kweli hauhitaji kumfanya marehemu malaika. Alikuwa mkali, na aandikwe kuwa alikuwa mkali, na mara ngapi ukali wake uliokoa shamba la kijiji. Lililo siri ya nyumba libaki nyumbani, na jamaa waulizwe kabla neno halijatoka. Mwandishi mwenye adabu hupata njia kati ya matusi na uongo.

La tatu lina nguvu kuliko yote, na latoka kwa watu wanaovipenda vijiji. Wasema: wazee wetu hawakuandika, walikumbuka, jina la babu hupewa mjukuu, na ukoo huendelea. Naliheshimu jibu hili, ila naona limesahau jambo moja. Kumbukumbu ya mdomo hutaka watu wakae pamoja. Mjukuu aliyepewa jina la babu leo yuko Tunduma mpakani, au Mbeya, au Dar es Salaam, na humfikia bibi yake siku ya msiba. Jina amepewa, lakini habari ya mwenye jina hakupata kuisikia, kwa kuwa hapakuwa na jioni za kuisikilizia. Kama tumevunja kikao cha moto, basi ni juu yetu kuleta badala yake.

Wala sitaki jambo geni. Shaaban Robert, aliyekuwa bingwa wa lugha hii, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, ukatoka mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba maskini, na kabla ya kuimba aliuza vyungu. Ni kweli kwamba alipofariki mwaka 1950 alikuwa na jina kubwa. Basi njoo karibu zaidi na Ivuna. Katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika waliishi wanawake wawili, Narwimba na Chisi, waliopatwa na utekwa na utumwa katika siku za biashara ya watu. Hawakuwa na cheo wala jina. Mmisionari wa Kimoravian, Elise Kootz-Kretschmer, alisikiliza habari zao akaziandika, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright alizitia katika kitabu chake juu ya watumwa na wanawake. Leo anayetaka kujua utumwa ulikuwaje katika pembe hii, kwa mwanamke mwenye watoto wa kuwalinda, huwaendea hao wawili. Hawakuwa wa maana zaidi ya jirani zao. Walichopata ni mtu wa kuwasikiliza. Na John Iliffe alipohariri kitabu cha wasifu wa Watanzania mwaka 1973, mlango ulifunguliwa tena, japo kwa Kiingereza. Aibu yetu ni kwamba milango hii imefunguliwa zaidi kwa lugha za mbali, hali waliosimuliwa wangeweza kusomwa kwa lugha ambayo wajukuu wao huijua.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila mwanafunzi wa Kiswahili na wa historia anayekwenda kwao likizoni arudi na wasifu mmoja wa mtu wa kijiji chake aliyefariki karibuni, uliokusanywa kwa idhini ya wafiwa, kutoka kwa watu waliofanya naye kazi. Na aulize: mikono yake ilijua kazi gani, na alifundishwa na nani? Aliishi wapi, na kwa nini alihama? Nani alisaidiwa naye, na nani aligombana naye? Alipenda kusema neno gani? Mwaka upi ulikuwa mgumu kwake, na aliuvukaje? Ugonjwa upewe mstari mmoja. Nakala moja ibaki kwa jamaa, moja ofisi ya kijiji, moja shuleni, na moja ije kwetu chuoni itunzwe kama vinavyotunzwa vigae. Na kwa kuwa ni heri kumwuliza mtu mwenyewe kuliko jirani yake, aliye hai na mzee aulizwe leo.

Shauri hili halihitaji fedha nyingi wala mitambo. Lataka daftari, kalamu, na mtu asiyeona haya kuketi chini. Tukikataa kulifanya, tusijidanganye kwamba tumekosa nafasi, tutakuwa tumechagua.

Jiwe la Ivuna lilitoka mbali mno, na kwa sababu lilitoka mbali liliandikwa. Watu wa Ivuna hawakutoka mbali. Walikuwa pale pale lilipoangukia, wakilima, wakichunga, wakichemsha chumvi, kabla yake na baada yake. Wanaotutoka sasa ni wa mwisho waliosikia habari ile kutoka vinywa vya walioiona. Wiki ijayo mmoja wao atazikwa, na mtu atasimama na karatasi. Iko mikononi mwetu karatasi hiyo iseme nini.