Mashine Yangu Haijafa

Tuache kuambiana "nunua ingine." Hapa Umoja hilo ndilo limekuwa jibu la kila swali la kompyuta, na ni jibu la uvivu.

Nina saiba ya mashine nne, zote mitumba. Juzi aikoni ya kile kiendelezi cha kuzuia matangazo ilipotea kwa zote. Kijana mmoja wa campo akaniangalia kwa huruma: "Siste, hizi zimezeeka. Uza kwa kilo." Kwa kilo! Kama vyuma chakavu.

Kumbe kwa mashine tatu aikoni ilikuwa imefichwa tu. Unabonyeza ile alama ya kipande cha pazo kando ya anwani, unakuta kiendelezi kimejikalia hapo, unakibana kwa pini, kinarudi mahali pake. Dakika moja, bila kulipa fundi. Sasa fikiria ni wangapi mtaani wameambiwa watafute laptop mpya kwa sababu ya pini.

Ya nne ndiyo ilinichoma. Kibodi iko sawa, skrini iko sawa, lakini mfumo wake ni wa zamani na kivinjari hakipokei tena masasisho, kwa hivyo kiendelezi kilikataa kabisa. Na si yangu pekee. Chrome iliacha kuhudumia Windows 7 mwaka 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 yenyewe nayo ikafikia mwisho wa kuhudumiwa na watengenezaji wake. Hakuna kilichoungua ndani ya hizo mashine. Ni tarehe tu iliamuliwa mbali, na watu wasiojua bando ya mia inaisha vipi tangazo la video likianza kujicheza lenyewe.

Najua mtaniambia kuhusu usalama. Ni kweli, na silipuuzi: mashine isiyopata masasisho si ya kuingizia nywila ya benki wala ya kujazia ritani za KRA. Lakini basi semeni hivyo. "Mfumo wako umeachwa" ni tofauti sana na "kompyuta yako imekufa." La kwanza lina dawa. La pili linakutoa pesa.

Ajabu ni kwamba sisi ndio watu wa Eastlands. Kamukunji pale wanageuza pipa kuukuu kuwa jiko. Kiatu kinashonwa soli mara tatu. Lakini programu ikigoma kidogo, tunainua mikono kama tumeshikwa na kanjo.

Ile ya nne niliiwekea Linux, ambayo ni ya bure, na Firefox mpya. Ilinichukua jioni moja na bando kiasi. Aikoni imerudi. Yule kijana alikuja jana kuchapa CV, nikamkalisha hapo. Alimaliza, akalipa, akaenda. Hakuuliza umri wa mashine.