SINDANO ILIYO KALAMU



Leo nawaalika safari ya mbali, mpaka jimbo la Guizhou, kusini-magharibi ya China. Ni nchi ya milima, na mashamba ya mpunga yamekatwa ngazi ngazi. Huko wakaa Wamiao, ambao kwa hesabu ya mwaka 2020 walikuwa zaidi ya milioni 11 katika China nzima. Kijiji chao kikubwa ni Xijiang. Nyumba zake ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo, zimepandana mlimani. Mgeni hulakiwa kwa pombe ya mchele ndani ya pembe, na vijana hupuliza lusheng, ala yao ya mianzi.

Lakini tazameni hasa mikono ya akina mama. Mama huyeyusha nta ya nyuki, huchovya kisu kidogo cha shaba, na kuchora maua, ndege na samaki juu ya kitambaa cheupe. Kisha kitambaa hutiwa katika pipa la nili mara nyingi, mpaka rangi ikolee. Mwisho huchemshwa majini. Nta hutoka, na pale ilipokuwapo hubaki peupe.

Tena wanajua sana kudarizi. Zamani Wamiao hawakuwa na maandishi ya kutumiwa na wote, basi sindano ikawa kalamu yao. Katika nguo mna mito na milima ambayo, kwa masimulizi ya wazee, babu zao waliivuka walipohama. Mna na kipepeo, ambaye katika hadithi zao ndiye mama wa kale. Binti hufundishwa na mama yake tangu utoto. Siku ya sikukuu huvaa taji na mikufu ya fedha. Zamani sonara aliyeyusha sarafu kuifanya, na hivyo akiba ya nyumba ilivaliwa shingoni.

Mwaka 2006 serikali ya China iliziandika kazi hizo katika orodha ya urithi wa taifa. Xijiang wageni hulipa kiingilio, nayo mapato yasaidia. Hata hivyo hatari ipo. Vijana wengi wamekwenda viwandani mijini, na madukani mna vitambaa vya mashine vya bei rahisi. Mgeni aweza kununua nguo; ufundi wenyewe haununuliwi, hurithishwa.

Nasi je? Nani kijijini kwako bado ajua kusuka ukili au kufinyanga chungu? Akiwa ni bibi mmoja tu, siku tutakapomzika tutazika na shule yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitufundisha kwamba Kanisa huheshimu na kukuza vipaji vya kila taifa. Basi wazazi, likizo ijayo wapelekeni watoto wakae mkekani kwa bibi huyo, wavulana na wasichana. Na akitaja bei ya mkeka wake, msimpunje: mwalipa siku zake nyingi za kazi.

Mungu awabariki.