Mtoto Aione Pesa Ikipungua

Na Mwanahamisi Kombo

Jumamosi iliyopita, tukiwa dukani hapa Seven Hills, Australia, nilimwambia mwanangu wa miaka minane kwamba gari la kuchezea analolitaka hatuna pesa yake. Akanitazama kwa mshangao: "Mama, si ugusishe simu tu?"

Hakunikosea adabu. Ndivyo anavyoona kila siku: simu inagusishwa kwenye mashine, mashine inalia, tunaondoka na mfuko. Hajawahi kuona noti ikitoka mkononi mwangu isirudi.

Mimi nimekulia Tanga, na kibubu cha mbao chini ya kitanda. Kila sarafu niliyoitia niliisikia ikianguka. Siku ya kukivunja, Ramadhani ikielekea ukingoni, nilijua viatu vyangu vya Idi vimetokana na maandazi mangapi niliyojinyima.

Wapo waliotegemea shule zifundishe kuweka akiba. Benki ya hapa, Commonwealth Bank, ilianza kupokea akiba za watoto shuleni mwaka 1931. Desemba 2020, ASIC, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Australia, ikasema programu za namna hiyo hazikuweza kuthibitisha kwamba zinamjengea mtoto tabia ya kuweka akiba. Mwaka uliofuata benki ikatangaza kuufunga mpango wake. Sikusikitika. Benki inatafuta wateja. Malezi ni yetu.

Kwangu tumeanza na chupa. Tangu Desemba 2017, mpango wa Return and Earn wa jimbo letu la New South Wales unarudisha senti 10 kwa kila chupa au kopo la kinywaji linalokubaliwa. Mwanangu anaokota, anaosha, anazitia mwenyewe kwenye mashine, na anachopata ni chake, taslimu, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Lile gari la dola 25 sasa analihesabu kwa chupa: 250. Juzi alilishika tena dukani, akaligeuzageuza, akalirudisha mahali pake. Sikumwambia neno.

Lakini lipo somo tunalowaficha watoto. Pesa za jamaa zetu nyumbani tunazituma usiku, wakishalala. Mtoto anasikia "hatuna" asijue zimekwenda wapi, mwisho anamwona mzazi wake mchoyo. Rafiki yangu mmoja anasema nisimtwike mtoto mizigo ya wakubwa. Kwa madeni na kodi ya nyumba nakubaliana naye. Kwa bibi yake, hapana. Sasa namkalisha pembeni yangu, anaona dola zinavyogeuka shilingi na gharama ya kutuma inavyokatwa. Kisha tunampigia bibi, naye anamwambia mjukuu wake kwamba dawa za presha zimenunuliwa. Mara ya mwisho mtoto aliuliza kama dola mbili za chupa zake zinaweza kuongezwa. Tuliziongeza.

Mzazi mwenzangu, mwezi huu ukituma pesa nyumbani, zitume mtoto akiwa macho.