Sequoia: serikali iliuza mashua, fundi hakutajwa

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hufundishwa katika kila darasa la Kiswahili nchini, na mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu upesi kwamba kila chema kimegharimu jasho la mtu. Jibu hilo hupata alama zote. Hata hivyo, mafundi wa vyombo wa Matondoni, kule Lamu, wanajua kwamba kuunda ni nusu tu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Chombo cha mbao huelea kwa kuwa jana kiliundwa, na kwa kuwa leo yupo mtu anayekikalafati. Mtu huyo akiondoka, siku za chombo zaanza kuhesabika.

Jambo hili hunijia kila nisomapo matangazo ya uuzaji wa mashua kuukuu za anasa za Marekani na Uingereza. Matangazo hayo yana lugha yake. Mashua iliundwa miaka ya 1920 au 1930. Ni mbao toka omo hadi tezi. Ina injini mbili za dizeli, shaba iliyosuguliwa ikang'aa, na vyumba vya kulala vilivyopambwa kwa ubao uliopigwa vanishi. Imetunzwa kwa mapenzi, asema muuzaji, na sasa inatafuta mwenyeji mpya. Bei yenyewe aghalabu humshangaza msomaji, kwani huweza kuwa ndogo kuliko ya gari jipya, na zipo zinazotolewa bure kabisa. Asiyejua hudhani nyota yake imeng'aa. Ajuaye hujiuliza kwa nini mtu anayeipenda mashua hivyo yu tayari kuitoa bure.

Sababu ni kwamba bei iliyoandikwa si bei. Bei halisi hulipwa kila mwaka, na hulipwa mradi chombo kingalipo. Mbao zikiwa majini hufura, nyufa zikajifunga zenyewe. Chombo kikipandishwa nchi kavu kikaachwa, mbao hukauka na kusinyaa, na pamba iliyojazwa katikati yake kwa nyundo na patasi hulegea ikatoka. Mkuku usipoegemezwa barabara hupinda kwa uzito wake wenyewe, na mataruma hupinda pamoja nao. Ajabu ni kwamba maji ya chumvi si adui mkubwa. Chumvi huzuia ukungu unaoozesha ubao. Adui ni maji ya mvua yanayopenya kwenye sitaha na kutulia gizani, mahali pasipofikiwa na upepo. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili humlipa kwanza mkaguzi, ambaye hugonga ubao mmoja baada ya mwingine kwa nyundo ndogo akisikiliza sauti, kisha hung'oa misumari michache kuona imeliwa kiasi gani na kutu. Vanishi haimpumbazi mkaguzi. Sisi tusiokuwa wakaguzi hutupumbaza sana.

Kisa cha Sequoia kinaonyesha yote haya, na kinaonyesha kwamba hata serikali tajiri kuliko zote duniani yaweza kuuza chombo kana kwamba inauza meza kuukuu za ofisini.

Sequoia iliundwa mwaka 1925 huko Camden, jimbo la New Jersey, katika kiwanda cha Mathis, kwa mchoro wa John Trumpy, mhandisi aliyezaliwa Norway. Urefu wake ni futi 104. Mbao za ubavuni ni za msonobari, zimepigiliwa juu ya mataruma ya mwaloni. (Jina lake ni la mti mwingine kabisa, ule mrefu mno wa California.) Iliundwa kwa ajili ya familia moja tajiri ya Philadelphia. Mwaka 1931 serikali ya Marekani iliinunua. Zama hizo pombe ilikuwa imepigwa marufuku nchini humo, na Wizara ya Biashara iliitumia mashua hiyo kuwanasia walanguzi. Ni nani angeshuku mashua nzuri namna ile? Rais Hoover akaanza kuipanda, na kuanzia mwaka 1933 Roosevelt naye akaipanda ikiwa chini ya jeshi la wanamaji.

Roosevelt alikuwa hawezi kutembea, kwa hivyo alitiliwa lifti ya kumshusha na kumpandisha. Lyndon Johnson alipokuja baadaye lifti hiyo iling'olewa, na mahali pake pakawekwa kaunta ya vinywaji. Nadhani badiliko hilo moja latueleza tabia za marais hao wawili kuliko kurasa nyingi za vitabu. Mwezi Mei mwaka 1963 Kennedy alisherehekea humo siku yake ya kuzaliwa, na ikawa ya mwisho. Mwezi Juni mwaka 1973 Nixon alimpandisha humo Brezhnev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti. Mwezi Agosti mwaka 1974, siku chache kabla ya kujiuzulu, alitoka nayo tena mto Potomac pamoja na familia yake, wakati ambapo kila mtu mjini Washington alikwisha kutambua kwamba mambo yamemharibikia.

Jimmy Carter aliingia madarakani mwaka 1977 akiwa ameahidi urais usio na makuu. Hakuitaka mashua. Gharama ya kuiweka ilitajwa kuwa dola 800,000 kwa mwaka, na wananchi waliokuwa wamechoshwa na kiburi cha Nixon waliunga mkono iondolewe. Ikauzwa kwa mnada mwaka huo huo kwa dola 286,000.

Hebu mwanafunzi wa hesabu alinganishe tarakimu hizo mbili. Mashua nzima, pamoja na historia yake, ilileta fedha ambazo hazingetosha kuitunza hata kwa nusu mwaka. Mnunuzi hakununua mali. Alinunua wajibu, na hakuna aliyemuuliza kama anauweza.

Simlaumu Carter kwa kukataa kuipanda. Kiongozi aliyeahidi kutojitukuza hana budi kuanza na vitu vinavyoonekana, na mashua ya anasa yaonekana toka mbali. Lakini kukataa kupanda ni jambo moja na kuuza ni jambo jingine. Palikuwa na njia ya katikati: kuifunga gatini, kuwaondoa wahudumu, kumwacha fundi mmoja na wasaidizi wake, na kuwafungulia wananchi mlango wa kuitazama. Gharama ingeshuka sana, kwani sehemu kubwa ya fedha zinazoliwa na mashua ya namna hii hutokana na watu wanaoiendesha na kuwapikia wageni. Njia hiyo haikufuatwa. Mwenye kuuza alipata sifa ya kubana matumizi, na sifa hiyo ilidumu wiki chache.

Baada ya hapo mashua ilipita mikononi mwa wenyewe mbalimbali, mara ikidaiwa, mara ikizuiliwa na kiwanda cha matengenezo kwa deni, mara ikikodishwa kwa karamu. Mwaka 1987 ilitangazwa kuwa Turathi ya Kihistoria ya Taifa. Naam, heshima kubwa! Ila kwa sheria za Marekani heshima hiyo haimlazimishi mwenye mali kutengeneza hata ubao mmoja. Ni bamba tu, na bamba halizuii mvua.

Hatimaye mambo yaliishia mahakamani. Mwenye mashua alikuwa amekopa kwa wawekezaji, wakagombana, na kwa miaka kadhaa ya kesi Sequoia ilikaa nchi kavu huko Deltaville, Virginia, kando ya ghuba ya Chesapeake. Mwaka 2016 jaji wa jimbo la Delaware alipotoa hukumu alieleza hali yake bila kuficha: imepandishwa juu ya egemeo lisilofaa, inaoza, na wanyama wa porini waitwao rakuni, wenye ukubwa kama wa paka, wamefanya makao ndani yake. Mahali walipoketi Nixon na Brezhnev palikuwa pamegeuka pango. Gharama za matengenezo na madeni zilipoondolewa katika bei iliyokuwa imekubaliwa hapakubakia kitu. Wawekezaji waliruhusiwa kuichukua kwa sufuri.

Kuna watakaosema kwamba haya ni majuto ya bure, kwamba kodi ya mwananchi isitumike kuhifadhi kikorokoro cha wakubwa. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Nami nisingetaka senti moja itolewe ili mtu mkubwa anywe mvinyo mtoni. Lakini kufikia mwaka 1977 Sequoia haikuwa anasa tena. Ilikuwa hati, na hati ambayo mwanafunzi aweza kuingia ndani yake, akainama mlangoni na kushika ngazi. Hakuna nchi inayouza hati zake za kale mnadani kwa hoja kwamba kabati la kuziwekea ni ghali.

Tena upo ushahidi kwamba jambo lingewezekana. Mwaka 1936 Roosevelt alihamia katika chombo kingine, Potomac, kilichokuwa cha chuma. Hicho nacho kiliuzwa baada ya kifo chake, kikahangaika kuliko hata Sequoia: mwaka 1964 kilinunuliwa na mwimbaji Elvis Presley, akakitoa kwa hisani, mwaka 1980 kilikamatwa San Francisco kwa magendo ya dawa za kulevya, kisha kikazama. Kiliibuliwa, na bandari ya Oakland ikakinunua kwa dola 15,000. Kazi ya kukifufua ilichukua miaka kumi na miwili, na mwaka 1995 kilifunguliwa kwa umma. Tofauti haikuwa bahati. Potomac ilinunuliwa na shirika la umma lililojua linanunua wajibu. Na chuma, hilo nakiri, huvumilia kuzama. Mbao hazivumilii hata kusahauliwa.

Kwa maoni yangu serikali yoyote inayouza chombo cha namna hii yapasa kuandika masharti matatu katika hati ya mauzo: fedha za mauzo ziwe akiba ya matengenezo, mkaguzi wa umma awe na ruhusa ya kukigonga kila mwaka, na mnunuzi akishindwa, serikali iwe ya kwanza kukirejesha kwa bei ile ile. Masharti hayo yatapunguza wanunuzi. Na yawapunguze!

Walimu wana lao la kutazama hapa, maana kinachopotea si mbao peke yake. Ujuzi wa kukalafati hauandikiki ukatosha. Kijana huupata kwa kushika patasi kando ya mzee kwa miaka mingi. Chombo kimoja kikubwa kinachotengenezwa ni darasa kwa kizazi kizima cha mafundi, na kikiachwa kuoza darasa hilo hufungwa. Siku itakapotakiwa kutengenezwa kingine, fedha zitakuwapo, msonobari utakuwapo, ila hatakuwapo wa kuambiwa aanze.

Mwaka 2019 wenyeji wapya wa Sequoia waliipeleka Belfast, katika jimbo la Maine, kwenye mafundi wanaojua kazi za mbao. Haikwenda kwa injini zake. Ilibebwa juu ya tishari kama mzigo, kwa kuwa haikuaminika tena majini. Waliahidi kuifufua, na nawaombea wafanikiwe. Lakini ahadi hiyo yategemea hiari yao tu. Hakuna mstari wowote wa mwaka 1977 unaowafunga, na wakichoka, wataandika tangazo la kuuza kama wenzao wote.