DHAMANA KWA VIWANDA VYETU

Ndugu wengi hudhani bidhaa zetu hazifiki mbali kwa kuwa ni mbovu. Sisi twasema kiwanda hufa kwa kungoja. Tuseme mwenye kiwanda cha nguo Morogoro amepata mnunuzi Lubumbashi. Mnunuzi huyo ni mwaminifu, lakini atalipa baada ya siku 90. Katika siku hizo pamba yatakiwa kwa fedha taslimu, umeme hauna subira, wala mfanyakazi hawezi kukaa miezi mitatu bila mshahara. Mwenye kiwanda aenda benki, mkataba mkononi. Benki haiutazami mkataba, yamwuliza, "Una nyumba mjini?" Hana. Basi mashine zanyamaza, na bwana wa Lubumbashi aagiza nguo China.

Na China ina benki ya Serikali ya kuwakopesha wauzaji wake wa nje tangu mwaka 1994. Wala hawakuwa wa kwanza. Uingereza, iliyotuhubiria kuwa biashara ijitegemee, ilianza kuwadhamini wauzaji wake mwaka 1919! Marekani ilifungua benki yake ya kazi hiyo mwaka 1934. Huko Korea ya Kusini, miaka ya 1960, mwenye kiwanda aliyethibitisha kuwa ana mnunuzi ng'ambo alipata mkopo wa riba nafuu.

Serikali yetu nayo haikulala. Mwaka 2002 ilianzisha mfuko wa kudhamini mikopo ya wauzaji nje, na Benki Kuu ya Tanzania ikapewa kazi ya kuuendesha. Mfuko huo ulivisaidia vyama vya ushirika kununua mazao ya wakulima, na hatuulaumu kwa hilo. Mkulima ni ndugu yetu. Lakini pamba ikiondoka robota, kazi ya kusokota, kufuma na kushona imeondoka nayo.

Twataka mkataba wa mnunuzi ukubaliwe kuwa rehani, na Serikali isimame nyuma yake. Asidhaminiwe yule anayeingiza mali ya watu na kubandika karatasi ya "Imetengenezwa Tanzania". Wala asidhaminiwe mtu kwa kuwa anajuana na mkubwa; mdhamini ni mwananchi, na mkopo usipolipwa ni yeye atakayelipa kwa kodi yake.

Wabunge wetu waulize katika kikao cha bajeti: tangu mwaka 2002, dhamana ngapi zilikwenda viwandani, na mikopo mingapi ililipwa? Hesabu hiyo ichapishwe, wanachama waisome.