Chuma cha Mtumba, Mpira Mpya

Gari la spoti la zamani huwafilisi wengi wanaolipenda, na mara nyingi si kwa sababu ya injini, bali kwa sababu ya vitu vilivyo chini ya sakafu yake: springi, shokapu, bushi na viungo vya magurudumu. Mwenye fedha kidogo aghalabu huanza kwa kununua kile kinachosifiwa zaidi, yaani springi fupi na ngumu, zilizopakwa rangi ya kung'aa, ambazo huliinamisha gari na kulipa sura ya mashindano. Baada ya miezi michache gari huwa bado linayumba barabarani, tairi huliwa upande mmoja, na fedha zimekwisha. Ni dhahiri kwamba hapo pana kosa. Lakini kosa lenyewe si la ubahili wala la ubadhirifu. Ni la kutojua ni kitu gani katika gari huzeeka, ni kitu gani hakizeeki, na kwa nini.

Mfano unaofaa kulieleza jambo hili ni Datsun 240Z, gari la Kijapani lililoanza kuuzwa mwaka 1969. Jina lake si geni katika Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari wakiwa katika gari la aina hii. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa pamoja na Lofty Drews, alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo baada ya kulingana alama na Harry Källström. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari ya magari ya kale, ambayo yamekwisha kupita katika ardhi ya Kenya na Tanzania, na magari ya ukoo wa 240Z yamewahi kushiriki. Magari hayo yaliyobaki duniani yana umri wa miaka 50 hivi au zaidi. Kwa hiyo swali la kipuri gani kinunuliwe kwanza linamkabili kila mwenye nalo, awe Nairobi, Arusha, Tokyo au California.

Muundo wa chini wa gari hili ni rahisi kuueleza. Kila gurudumu limeshikwa na nguzo moja iliyosimama, yenye springi nje na shokapu ndani, kwa mtindo uliobuniwa na mhandisi wa Kimarekani Earle S. MacPherson katika miaka ya 1940. Chini ya nguzo upo mkono wa chuma unaoiunganisha na gari. Mbele, mkono huo huzuiwa na ufito wa chuma ili usisogee wakati wa kufunga breki. Mahali ambapo chuma hukutana na chuma huwekwa ama bushi ya mpira, ama kiungo cha mviringo chenye grisi ambacho mafundi hukiita boljointi. Hivyo mfumo mzima waweza kugawanywa katika vitu vya namna nne: chuma, mpira, mafuta ya shokapu, na nyuso zinazosuguana. Vitu hivi havizeeki kwa mwendo mmoja, na la kusikitisha ni kwamba bei zake dukani hazifuati uzee wake.

Yafaa kuanza na mpira, kwa kuwa ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Mpira ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamanishwa kwa salfa. Oksijeni na ozoni zilizomo hewani huikata minyororo hiyo, au huifungamanisha kupita kiasi. Joto na mafuta yanayovuja huiharakisha kazi hiyo. Matokeo yake ni mpira mgumu, wenye nyufa, ulioachana na bomba lake la chuma. Uzee huu hautegemei kilomita peke yake. Bushi iliyokaa katika pakiti ya kiwandani tangu miaka ya 1970 imekuwa ikizeeka humo humo pakitini, ingawa haijawahi kufungwa katika gari. Wapo wakusanyaji wanaolipa bei ya juu kwa bushi za namna hiyo kwa sababu ni za asili. Kwa makumbusho hilo si neno. Kwa gari litakalokwenda barabarani, bushi iliyotengenezwa majuzi kwa vipimo vile vile ni bora kuliko ile ya asili iliyozeeka, na aghalabu ni rahisi zaidi.

Je, bushi iliyochakaa ina madhara gani? Madhara yake hupimika. Bushi ikilegea, mkono wa gurudumu husogea, na gurudumu hubadili mwelekeo wake bila dereva kugeuza usukani. Gurudumu likielekezwa kando kwa digrii moja tu kutoka njia ya gari, hukokotwa ubavu karibu mita 17 na nusu katika kila kilomita moja ya safari. Haishangazi basi kwamba tairi jipya huliwa haraka, na kwamba gari huvuta kushoto mara breki inapokanyagwa. Hakuna springi duniani, hata iwe ghali namna gani, inayoweza kuondoa ila hiyo. Mwenye kununua springi huku bushi zake zimekufa ni sawa na mwenye kuezeka nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa.

Springi nazo hazina budi kutendewa haki. Ugumu wa springi hutegemea mambo manne: aina ya chuma, unene wa waya, upana wa duara lake, na idadi ya mizunguko. Katika hayo, unene wa waya una nguvu ya ajabu, kwani ugumu hufuata unene uliopandishwa kipeo cha nne. Waya wa milimita 12 ukiliwa na kutu hadi ukabaki milimita 11, ugumu wa springi hupungua kwa asilimia 29 hivi. Lakini pasipo kutu wala ufa, ugumu huo haubadiliki kwa miaka. Springi iliyobeba gari kwa muda mrefu yaweza kushuka kimo kidogo. Ugumu wake, hata hivyo, hubaki karibu ule ule. Kwa hiyo springi ya zamani ambayo waya wake haukuliwa na ambayo hulisimamisha gari katika kimo kinachotakiwa, yaweza kupigwa brashi, kupakwa rangi, na kurudishwa kazini. Hapo fedha nyingi zimeokolewa bila hasara yoyote.

Kinachopasa kulaumiwa bila kuona haya ni ile desturi ya kukata springi kwa msumeno, au kuichoma kwa moto wa gesi, ili gari liiname kwa bei nafuu. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mizunguko imepungua, tena huwa fupi. Gurudumu linaponing'inia katika shimo, springi yaweza kuchomoka mahali pake. Springi iliyochomwa moto imepotezewa ule ugumu wa chuma iliopewa kiwandani kwa joto lililopimwa, na hakuna ajuaye itashuka au kuvunjika lini. Anayefanya hivyo ameondoa usalama wa gari lake na la wengine, na wala hakuokoa fedha.

Shokapu ni habari nyingine. Watu wengi hudhani kwamba shokapu hubeba gari. Sivyo, springi ndizo zinazobeba. Kazi ya shokapu ni kuigeuza nishati ya mtikisiko kuwa joto, kwa kuyasukuma mafuta yapite katika matundu membamba. Mafuta yakivuja, au vali na mihuri ikichakaa, mtikisiko hauzimwi, na tairi huruka juu ya barabara badala ya kuishika. Tairi lisiloshika barabara halina breki wala kona. Ndiyo sababu shokapu zastahili kununuliwa mpya, na kwa jozi, ya mbele pamoja au ya nyuma pamoja. Katika 240Z yawezekana kuitumia nguzo ya zamani na kutia ndani yake moyo mpya wa shokapu uliofungwa kiwandani, jambo linalopunguza gharama sana.

Hapa ndipo penye uhusiano ambao wauzaji hawapendi kuueleza. Springi ikifanywa ngumu mara mbili, gari hutikisika mara 1.4 zaidi kwa kila sekunde, na nguvu ya shokapu inayohitajika kuuzima mtikisiko huo huongezeka vile vile mara 1.4. Maana yake ni kwamba shokapu iliyotosha jana haitoshi leo, ingawa ni ile ile. Anayenunua springi ngumu amejifunga kununua na shokapu za kulingana nazo. Ikiwa fedha zake hazitoshi vyote viwili, basi springi za kawaida na shokapu nzuri za kawaida zitamfikisha salama zaidi kuliko nusu ya gari la mashindano.

Ziko pia bushi za poliurethini, ambazo ni ngumu kuliko mpira na hazisumbuliwi upesi na mafuta. Husifiwa kama dawa ya kila ugonjwa, lakini sivyo. Bushi ya mpira ina kazi mbili: kushika, na kukubali kupinda. Ule ufito wa mbele wa 240Z, kwa mfano, hupanda na kushuka pamoja na gurudumu, na mpira wa mwisho wake hulainisha mwendo huo. Ukiwekewa bushi ngumu pande zote mbili, kiungo hakikubali kupinda, na badala yake hupinda chuma chenyewe, mara maelfu na maelfu, hadi kichoke. Wenye magari haya wanajua kwa muda mrefu kwamba fito za namna hiyo zimewahi kukatika, na ufito ukikatika wakati wa kufunga breki gurudumu hurudi nyuma. Kwa hiyo ugumu si sifa yenyewe. Ni sifa mahali unapohitajika tu.

Kutokana na haya yote, mpango wa matumizi hujipanga wenyewe. Kwanza zinunuliwe boljointi na viungo vya usukani, kwani kimoja kikichomoka gari haliongozeki tena. Vitu hivi visinunuliwe vya mtumba kabisa. Pili, bushi zote za mpira kwa mara moja. Katika 240Z, upo mpini mrefu wa chuma unaopita katika bushi za mkono wa nyuma. Hushika kutu na kukataa kutoka, na kazi ya kuung'oa yaweza kugharimu kuliko bushi zenyewe. Ni upungufu wa busara kuing'oa sehemu hiyo mara mbili kwa sababu ya bushi moja iliyoahirishwa. Tatu, shokapu. Nne, alaimenti ya magurudumu, ambayo bila hiyo kazi yote ya awali hupotea. Springi zije mwisho, ikiwa kipimo kimeonyesha kwamba zinahitajika.

Chuma, kwa upande wake, chaweza kununuliwa cha mtumba bila woga, ila si bila uchunguzi. Mkono uliotumika ulazwe juu ya bamba lililonyooka na kulinganishwa na mwenzake. Kisha usafishwe, upakwe mafuta ya taa, ufutwe mpaka ukauke, halafu unyunyiziwe unga wa chaki. Kama upo ufa mwembamba, mafuta yaliyojificha ndani yatauloanisha unga, na ufa utajichora wenyewe. Uchunguzi huu hauhitaji mashine ya nchi za nje. Wahitaji uvumilivu wa nusu saa.

Yawezekana mtu akauliza: mbona magari yaliyoshinda Safari yaliimarishwa kwa vipuri vigumu? Ni kweli; lakini timu za viwanda zilikuwa na mafundi waliosubiri njiani wakiwa na vipuri tayari, na gari lilijengwa kwa ajili ya siku chache za mbio, si kwa miaka kumi ya kwenda kazini na kurudi. Kuiga vipuri vyao bila mafundi wao ni kuiga nusu ya jambo. Mwingine atauliza kama inafaa kushughulika na gari la anasa hali barabara zimejaa mabasi na malori yaliyochoka. Jibu ni kwamba mpira wa basi huzeeka kwa sheria zile zile, na shokapu ya lori huzima mtikisiko kwa njia ile ile. Fundi aliyejifunza kupima kabla ya kubadili, awe amejifunzia kwa gari la zamani au kwa pikipiki, ni mali ya taifa.

Tatizo kubwa, basi, ni kwamba maarifa haya hayafundishwi pale yanapohitajika. Shule za ufundi hufundisha namna ya kufungua na kufunga. Ni jambo la lazima, lakini halitoshi. Mwanafunzi hana budi pia kufundishwa kwa nini kitu fulani hubadilishwa na kingine huachwa, ili aweze kumwambia mteja wake bila kusita kwamba springi anazozitamani hazihitaji, na kwamba bushi asizoziona ndizo zinazomla tairi na zinazoweza kumla yeye mwenyewe. Mteja mwenye fedha kidogo ndiye anayehitaji ukweli huo kuliko tajiri, kwa kuwa tajiri akikosea atanunua tena.