Kava la Nyumbani Liseme Kwamba Ni la Nyumbani

Najua nimepotea, lakini si mnajua tena mambo ya testi na makaratasi ya semina. Leo siongelei bumu wala maji kukatika bwenini. Leo naongelea makava ya gemu. Mwenye kutaka kucheka acheke kwanza amalize, maana nina hoja.

Hoja yenyewe ni hii: ukitengeneza kava la gemu mwenyewe, litengeneze vizuri kadiri unavyoweza, halafu andika waziwazi kwamba ni la kutengeneza nyumbani na useme picha ni ya nani. Kava linalojifanya limetoka kiwandani mimi siliheshimu, hata ling'ae vipi.

Kwa ambao hamjui habari hizi, ngoja niwape picha kwanza. Gemu nyingi siku hizi hazina boksi. Unalipa, unapakua, basi. Kinachobaki ni kijipicha kwenye skrini. Steam walipobadilisha maktaba yao mwaka 2019, kila gemu ikatakiwa iwe na picha ya kusimama, upana pikseli 600 na urefu 900. Gemu mpya zikaletewa picha na wenyewe. Za zamani nyingi zikabaki yatima: ile picha yao iliyolala ikabandikwa katikati, juu na chini ukungu mtupu. Rafu nzima inakuwa kama meno yenye mapengo. Bahati nzuri programu inakuruhusu kuweka picha yako mwenyewe, na hapo ndipo watu wengi walipoanza kukata, kufuta na kupaka rangi.

Wengine wanaenda mbali zaidi. Wanachapa kava zima, mbele, nyuma na mgongo, wanaliweka kwenye kasha tupu la DVD. Kuna gemu ambazo bila kufanya hivyo hutaziona kwenye rafu milele. Chukua P.T., ile ya kutisha ya Hideo Kojima. Ilitoka Agosti 2014 kwenye PS4, bure, kwa kupakua tu, na Konami wakaiondoa dukani mwaka 2015. Haikuwahi kuuzwa kwenye diski. Kwa hiyo kila kasha la P.T. utakaloliona duniani, mtu amelitengeneza kwa mikono yake. Mimi hilo nalipenda sana. Mtu amekataa kitu alichokipenda kipotee bila hata sura.

Sasa tatizo liko wapi? Majuzi hapa bwenini kulikuwa na ubishi mpaka saa saba usiku. Jamaa mmoja wa uhandisi, fundi kweli wa GIMP, anasema kipimo cha kava zuri ni kimoja: mtu alishike asigundue kwamba si la dukani. Kwa hiyo anaweka kila kitu. Nembo ya kampuni, stika ya umri, ile mistari myeusi ya kuskani, maandishi madogo ya kisheria chini kabisa. Nikamwambia, ndugu yangu, hapo umeshatoka kwenye uchoraji umeingia kwenye kugushi. Akacheka, akasema nina wivu. Labda. Lakini hebu nisikilizeni.

Kuna mdogo wetu wa mwaka wa kwanza alinunua gemu kwa mtu, mkononi. Kasha safi, kava safi, nembo zote zipo. Akatoa hela ambayo kwa mwanafunzi si ndogo, hela ya kula wiki mbili. Kufungua ndani, diski ya kuchoma, imeandikwa kwa makapeni, na haisomi. Aliyemuuzia hapatikani tena kwenye simu. Sasa sisemi kwamba aliyelichora lile kava ndiye mwizi. Huenda alilitengeneza kwa mapenzi yake tu, likapita mikono mitatu. Lakini kazi yake ndiyo iliyomshawishi yule dogo atoe hela. Laiti mgongoni pangeandikwa “kava la nyumbani”, dogo angeuliza swali moja zaidi.

Tuje kwenye zile stika za umri. Watu wanazichukulia kama pambo. ESRB ya Marekani ilianzishwa mwaka 1994, na PEGI ya Ulaya mwaka 2003. Alama zao zina maana moja: kuna watu waliipima gemu hii wakaamua inamfaa wa umri gani. PEGI 12 ni ahadi kwa mzazi. Wewe ukiikopi kwenye intaneti ukaibandika kwa sababu kona ile imebaki tupu, unaahidi kwa niaba ya watu ambao hawajui hata kama upo. Na makasha haya hayakai bwenini milele. Likizo tunarudi nayo nyumbani, kuna wadogo zetu, kuna watoto wa kaka na dada. Kama gemu ni ya kutisha, andika kwa Kiswahili chako, “Watoto wasicheze”. Mama atakuelewa haraka kuliko hiyo namba kwenye kiboksi.

Jambo la pili ni mchoraji. Mwaka 1977 Atari walipotoa mashine yao ya 2600, kwenye skrini kulikuwa na vibonge vya rangi tu. Kifaru kilikuwa ni miraba kadhaa. Kilichomwambia mnunuzi kwamba hiki ni kifaru na hii ni vita ni michoro ya kwenye boksi, kama ile ya Combat aliyoichora Cliff Spohn. Nusu ya mchezo ilikuwa kwenye kava, nusu nyingine kichwani mwa mchezaji. Au chukua Ico ya mwaka 2001. Kava la Japani na Ulaya alilichora Fumito Ueda mwenyewe, aliyeiongoza gemu, akivutiwa na michoro ya Giorgio de Chirico. Marekani wakapewa kava jingine kabisa. Ukimuuliza mtu aliyepakua picha ile ya Ueda akaibandika kwenye kasha lake, anakwambia “nimeitoa Google”. Google haijachora kitu, jamani. Hata sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua mchoro kuwa ni kazi ya mtu. Kumtaja ni mstari mmoja tu nyuma ya kava. Haupungukiwi na kitu.

Na msidhani ni sisi wa mabwenini tu tunaokwapua picha. Mwaka 2008 Capcom walitoa Okami kwa ajili ya Wii huko Marekani. Kava limechapwa, limesambazwa, limeuzwa. Watu wakaangalia vizuri karibu na mdomo wa yule mbwa mwitu mweupe, wakaona nembo hafifu ya IGN, tovuti ya habari za gemu. Yaani kampuni iliyoimiliki gemu ilitumia picha yenye nembo ya watu wengine, na hakuna aliyeisafisha. Baadaye Capcom wakajitolea kuwatumia wateja kava jipya bure. Mimi nikiwafundisha watu kusafisha picha huwa naanza na kisa hiki: kuza mpaka asilimia 200, pitia kona hadi kona, kama unachambua mchele. Ila ukikuta nembo ya mtu, swali la kwanza lisiwe “naifutaje?” Liwe “hii picha ni ya nani?”

Najua mtasema, huyu anahubiri tu, makava yake yenyewe yako wapi. Haya, tuingie jikoni, maana naamini uzuri wa kava unatoka kwenye kazi, hautoki kwenye nembo za kuazima.

Kava la DVD la kawaida ni milimita 273 kwa 183: mbele 129.5, mgongo 14, nyuma 129.5. Linaingia kwenye karatasi ya A4 na nafasi inabaki. Sasa angalieni kosa la wengi. Wanachukua ile picha ya Steam ya 600 kwa 900 wanaivuta mpaka ijae. Kwanza, urefu wa milimita 183 ukigawiwa pikseli 900 unapata kama nukta 125 kwa inchi, wakati uchapaji mzuri unataka 300. Ndiyo maana linatoka na ukungu. Pili, umbo halilingani. Ukiijaza urefu, upana unafika milimita 122 tu, zinapungua saba na nusu. Wanaivuta kwa nguvu upande mmoja, na hapo ndipo mashujaa wote wananenepa, teh teh teh. Dawa ni kuongeza mandhari pembeni: anga, ukuta, giza, chochote kilichopo tayari kwenye picha. Ni kazi ya saa nzima ya kunakili kipande kidogo kidogo, lakini mtu wako anabaki na mwili wake.

Rangi nazo zina adabu yake. Bluu kali ya kwenye skrini ikichapwa inapoa, kwa sababu skrini inatoa mwanga wake na karatasi inarudisha tu ule inaopewa. Ongeza mwanga kidogo kabla hujaenda stesheneri, chapa nakala moja ya majaribio, iangalie nje mchana. Na mwambie kijana wa pale asiiruhusu printa ipunguze ukubwa ili ukurasa utoshe. Achape kwa asilimia 100, la sivyo mgongo unakwenda kombo na kava halikai.

Kwa wale wa skrini tu, kipimo ni kingine: ipunguze picha mpaka iwe kama stempu. Jina la gemu likisomeka, umefaulu. Lisiposomeka, ondoa vitu, usiongeze.

Halafu kuna hizi programu za akili mnemba za kukuza picha. Sizikatai. Lakini ieleweke zinachofanya: pikseli ambazo hazikuwepo zinabuniwa. Kwenye nyasi na mawingu hutagundua. Kwenye uso wa mtu na kwenye maandishi madogo zinaleta maajabu, herufi ambazo si za lugha yoyote. Ukizitumia, rudi upake kwa mkono mahali zilipobahatisha.

Sasa jibu la jamaa yangu wa uhandisi lilikuwa hili: maandishi ya “kava la nyumbani” yanaharibu sura. Hayaharibu. Weka chini kabisa mgongoni, au nyuma pale ambapo wenzetu wanabandika ile mistari ya kuskani. Mistari minne inatosha: jina la gemu, mchoraji wa picha, aliyetengeneza kava na mwaka. Ukiwa na gemu ya kupakua, ongeza wa tano: “Ndani hakuna diski.”

Huo mstari wa tano ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unasema jambo ambalo maduka yenyewe yalichelewa kulisema. California walipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kazi 2025, kwamba muuzaji wa bidhaa za kidijitali asitumie neno “nunua” bila kueleza kwamba unachopata ni leseni. Nintendo walifunga maduka ya mtandaoni ya 3DS na Wii U Machi 2023, na gemu zilizokuwa humo tu huwezi kuzinunua tena kwao. Kava halifanyi gemu iwe mali yako. Hilo lazima tukubaliane. Kazi ya kava ni ushahidi kwamba gemu ilikuwepo, ilichezwa, na kuna mtu aliyeijali. Na ushahidi ukishachanganywa na uongo hauna kazi tena. Miaka 20 ijayo mtu akiokota kasha la P.T. lenye nembo zote na mistari ya kuskani, atawaambia watu gemu hii iliuzwa madukani. Atakuwa amedanganywa na mtu aliyekuwa anaipenda gemu hiyo.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wote tunaobadilishana mafaili hapa chuoni ni jepesi. Kava lisilo na mistari minne tusilipokee, na lenye stika ya umri ya kukopi lirudishwe kwa mwenyewe akaifute. Faili la mpangilio wa A4 lenye vipimo vyote ninalo, anayelitaka aje na flashi, bure. Mnaopinga, andikeni hapo chini kwenye maoni, ila leteni hoja, matusi bakini nayo.

Haya, narudi kwenye msuli. Kesho saa mbili asubuhi nina testi na sijagusa kitu.